Urithi Usio na Breki

Asinijie mtu na ule usemi wa ajali haina kinga. Ajali ya Lisbon ilikuwa na kinga, na kinga yenyewe ilijulikana tangu enzi za mvuke: kebo inayostahili kubeba watu, na breki inayoweza kulishika behewa hata kebo ikiondoka. Jioni ya tarehe 3 Septemba 2025, mara tu baada ya saa kumi na mbili, behewa la juu la funikula ya Glória, jijini Lisbon, Ureno, lilianza kushuka, na kebo yake ikachomoka pale ilipofungiwa chini ya sakafu. Dereva alifunga breki ya upepo, akafunga na ya mkono. Behewa halikusimama. Lilifikia kasi ya takriban kilomita 60 kwa saa, likaacha reli kwenye kona, likajibamiza kwenye jengo. Yote hayo hayakumaliza dakika moja. Watu 16 walikufa, na dereva alikuwa mmoja wao.

Tuelewane kwanza kuhusu mtambo wenyewe. Funikula ni mabehewa mawili yaliyofungwa kwenye ncha mbili za kebo moja, juu ya reli za mlimani. Moja likishuka, uzito wake husaidia kulivuta lingine lipande. Injini huongeza nguvu kidogo tu. Ni ubunifu wa hali ya juu, nami naupenda kwa dhati. Mhandisi Raoul Mesnier du Ponsard aliuleta katika vilima vya Lisbon: Lavra mwaka 1884, Glória mwaka 1885, Bica mwaka 1892. Kabla ya hapo, mzee, mjamzito na mchukuzi wa mizigo wote walipanda kwa magoti yao. Mitambo hii iliwapa watu wa chini njia ya kufika juu bila kutweta, na hiyo ndiyo heshima yake, kabla ya rangi ya njano na kabla ya picha za kadi.

Lakini kila kitu kinaning'inia kwenye ile kebo. Wachunguzi wa Ureno, katika ripoti yao ya awali ya Oktoba 2025, wameandika kwamba kebo iliyokuwa imefungwa Glória haikuwa na cheti cha kubebea abiria. Wameandika kwamba breki, bila kebo, hazikuwa na uwezo wa kulizuia behewa katika mteremko ule. Na mtambo ulikuwa umekaguliwa asubuhi ya siku ileile! Mkaguzi hakuona kasoro, kwa kuwa mahali kebo ilipofungiwa hapaonekani mpaka ufungue vyuma. Ukaguzi wa namna hiyo ni wa nini? Kutazama kisichovunjika na kukiacha kinachovunjika, kisha kutia saini?

Sasa nifike kwenye jambo linalonichoma kuliko yote.

Ulaya ina kanuni nzito kuhusu mitambo ya kebo inayobeba watu, namba 2016/424. Imeandikwa kwa makini. Inataka vyeti, vipimo, na mtu wa kuwajibika kwa kila sehemu. Halafu, karibu na mwanzo wake, inajitoa: haihusu mitambo iliyotambuliwa kuwa ya kihistoria, ya kitamaduni au ya urithi, iliyoanza kazi kabla ya tarehe 1 Januari 1986, ambayo bado inatumika na haijabadilishwa sana. Ulaya iliziachia nchi zenyewe zijitungie. Na wachunguzi walipotafuta huko Ureno nani anaisimamia Glória kwa niaba ya umma, walikuta kwamba mamlaka ya taifa ya usafiri haina usimamizi juu yake.

Soma tena, ndugu yangu. Funikula hizi zilitangazwa urithi wa taifa mwaka 2002. Cheo hicho kinalinda mbao, madirisha na umbo la behewa. Lakini cheo hichohicho cha urithi ndicho ambacho kanuni ya Ulaya inakitaja kuwa sababu ya kutohusika. Mtambo mpya uliojengwa jana ungelazimika kuthibitisha kebo yake. Mtambo wenye miaka 140, uliochoka zaidi, wenye mteremko uleule na abiria walewale wa nyama na damu, unaachiwa kampuni inayouendesha ijikague yenyewe. Nani alikaa kwenye meza akaona hili ni sawa? Tumemvika bibi kizee vito vya dhahabu, tukamnyima dawa.

Na dalili zilikuwapo. Mei 2018 behewa la Glória liliacha reli. Hakuna aliyeumia, likatengenezwa, likarudi kazini. Ng'ambo ya bahari, huko Los Angeles, funikula ndogo ya Angels Flight, ya mwaka 1901, iliporomoka tarehe 1 Februari 2001 baada ya gia kuharibika. Mtu mmoja akafa, saba wakajeruhiwa, na uchunguzi ukaonyesha kwamba breki ya dharura ilikuwa haifanyi kazi. Somo lilikwisha kulipiwa kwa damu miaka 24 kabla ya Lisbon. Halikusomwa.

Nasikia wanaosema hizi ni bembea za watalii tu. Waende wakatazame orodha ya marehemu. Ndiyo, 11 walikuwa wageni, kutoka Uingereza, Korea Kusini, Kanada na kwingineko. Watano walikuwa Wareno, na miongoni mwao wafanyakazi wa Santa Casa da Misericórdia, taasisi kongwe ya kusaidia maskini, yenye ofisi zake kileleni mwa mlima uleule. Walikuwa wametoka kazini. Kwao Glória ilikuwa basi la kurudia nyumbani.

Wengine, waoga wa namna nyingine, wanashauri mitambo ya kale ifungwe kabisa iwe makumbusho. Hao nawaelekeza Valparaíso, Chile. Sehemu kubwa ya mji ule iko vilimani. Lifti yake ya kwanza, yaani funikula iitwayo Concepción, ilifunguliwa mwaka 1883, na zikafika takriban 30. Mwaka 2003 UNESCO ikauweka mji wa kale katika Urithi wa Dunia. Lifti zikaendelea kufa moja baada ya nyingine. Mwaka 2012 serikali ilinunua 10 ili ziokolewe, na ukarabati ukajikokota mwaka baada ya mwaka huku watu wa vilimani wakipanda ngazi na mitungi ya gesi begani. Lifti iliyofungwa haimuui mtu, lakini inamrudishia mzee mlima alioupanda babu yake.

Wala isisemwe kwamba cha kale hakitengenezeki bila kupoteza sura yake. San Francisco ilisimamisha magari yake ya kebo mwaka 1982, alama ya taifa tangu 1964, ikafukua njia zote, ikaweka reli mpya na mifereji mipya ya kebo, na kuyarejesha barabarani mwaka 1984. Zaidi ya mwaka mzima bila magari, katika mji unaoishi kwa wageni! Walilia, walilipa, wakajenga. Kengele inalia vilevile hadi leo.

Kwa hiyo nadai, tena kwa sauti. Ulaya ifute kile kifungu cha kuiondoa mitambo ya urithi. Mbao zilindwe na sheria ya urithi, chuma kisimamiwe na sheria ya usafiri, bila kubembelezana. Msimamizi wa taifa apewe mamlaka ya kuingia karakana na kufungua sakafu bila kubisha hodi. Vyeti vya kebo vibandikwe kituoni, penye bei ya nauli, mtu asome kabla ya kupanda. Na kabla Glória haijabeba mtu tena, behewa lipakiwe mawe yenye uzito wa abiria 42, lipelekwe juu mbele ya wakazi na jamaa za marehemu, kebo ifunguliwe makusudi, breki ziachiwe kazi yake. Lisiposhikika, lirudishwe karakana hata mara kumi.