Hodi Kabla ya Kodi

KWA: Wanachama wote wa umoja wetu: wenye nyumba za kupangisha, mama lishe na wenye vibanda, Changanyikeni, Msewe na Makongo
KUTOKA: Katibu
YAH: AFYA NA MAISHA YA WAPANGAJI WETU WANAFUNZI

Ndugu wanachama,

Mwaka mpya wa masomo umekaribia. Karibuni tutawaona tena wakishuka kwenye bajaji, begi mgongoni, ndoo mpya mkononi, godoro limefungwa kamba, wakiuliza kama kuna chumba. Wengi wetu tumeshapaka rangi na kubadilisha vitasa. Kabla hujamkabidhi mtu ufunguo, naomba usome waraka huu mpaka mwisho. Mwenye shida ya macho asomewe na mjukuu.

Naanza na kosa langu mwenyewe. Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa na mpangaji wa mwaka wa pili, kijana mpole kutoka Sumbawanga. Redio yake ilinyamaza siku ya kwanza, nikasema amesafiri. Siku ya pili nilipita mlangoni kwake na ndoo za maji, nikaona viatu nje, nikasema amelala. Siku ya tatu nilibisha hodi. Ndugu zangu, sikubisha kwa kumjali. Ilikuwa tarehe ya kodi. Nilimkuta hajitambui kwa malaria, hajala, chupa ya maji tupu pembeni. Kadi ya bima ya afya ilikuwa kwenye mkoba wake, lakini kadi haitembei yenyewe kwenda zahanati. Nikataka kuwapigia wazazi: simu yake imefungwa kwa namba ya siri, nami sikujua hata jina la baba yake. Nilijua kitu kimoja tu, kwamba ananidai risiti ya mwezi uliopita.

Alipona. Lakini tangu siku ile najiuliza: kama kodi ingekuwa imelipwa hadi Desemba, ningebisha lini?

Tusijidanganye kwamba afya ya mwanafunzi ni kazi ya chuo peke yake. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipoanza Oktoba 1961 kilikuwa na wanafunzi wachache tu wa sheria. Wote wangeenea katika nyumba ya mwanachama wetu mmoja. Leo hata hosteli zilizofunguliwa mwaka 2017, zenye nafasi 3,840, hazitoshi. Waliokosa vitanda wanabebana, wawili kitanda kimoja, au wanakuja kwetu. Chuo wanaenda kwa saa chache. Kulala, kula, kufua, kuumwa na kulia wanafanyia kwetu. Na wanatuita mama, wanatuita baba.

KODI NA SAHANI

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo tunapowaumiza zaidi bila kukusudia.

Tunadai kodi ya miezi sita kwa mkupuo. Fedha za chakula na malazi za Bodi ya Mikopo, ambazo vijana wanaziita bumu, zinaingia kwa mafungu ya takriban miezi miwili. Tangu mwaka wa masomo 2022/2023 kiwango ni shilingi 10,000 kwa siku, baada ya kupanda kutoka 8,500. Chukua kalamu tupige hesabu. Siku 60 ni shilingi 600,000. Chumba cha 80,000 kwa miezi sita ni 480,000. Kinachobaki ni 120,000, yaani shilingi 2,000 kwa siku, kwa miezi miwili mizima. Hapo bado vocha, nauli, sabuni na kutoa kopi za notsi, wanazoziita madesa. Ndiyo maana kijana anapiga pasi ndefu: haonji kitu mpaka saa tisa alasiri, anakula mara moja, basi. Kisha anaungulia tumbo, tunasema watoto wa siku hizi wana vidonda vya tumbo.

Sasa tudai kodi ya miezi miwili kila bumu linapoingia. Atalipa 160,000, atabaki na 440,000, zaidi ya shilingi 7,300 kwa siku. Kodi ni ileile, hatupotezi hata senti, lakini kijana anakula mara tatu. Najua wapo watakaosema, "Akitoroka je?" Anayetoroka mara nyingi ni yule aliyekwama. Na tukumbuke si wote wana mkopo. Kuna wanaosomeshwa na mama anayeuza vitumbua. Huyo tukae naye tupange kwa kadiri ya uwezo wa kwao.

Mama lishe, mna nafasi yenu hapa. Bumu huwa na marafiki wengi wiki ya kwanza. Wengine wanaliweka kwenye mikeka ya kubeti, mkeka unachanika, mwenye nao anahamia kwenye mikopo ya simu. Mwaka 2024 Benki Kuu ilipiga marufuku makumi ya programu za kukopesha zisizo na leseni, lakini ukizifunga hizi, nyingine zinachipuka. Napendekeza kadi ya sahani: siku bumu linapotoka, mwanafunzi anunue kwako sahani 30 kwa mkupuo, umgongee alama kila anapokula. Yeye ana uhakika wa chakula mwezi mzima. Wewe umepata mtaji bila kwenda kwenye mikopo ya kausha damu. Na sahani isiwe wali mtupu na mchuzi. Weka maharage au dagaa, weka mchicha au matembele. Tunda si anasa. Kipande cha papai hakimfilisi mtu.

CHUMBA CHENYEWE

Kwanza, hewa. Tunajua wanapikia ndani. Jiko la mkaa kwenye chumba kilichofungwa linatoa kaboni monoksaidi, hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu. Mtu anaumwa kichwa, anasinzia, haamki. Marufuku jiko la mkaa ndani, na asiyetaka wapike ndani awajengee banda la kupikia hata la mabati manne. Kukataza bila kutoa mahali ni kuwafundisha kupika kwa kujificha.

Pili, msongamano. Vijana wanne katika chumba kisicho na dirisha la maana ni mwaliko wa kifua kikuu. Anayekohoa wiki mbili au zaidi aambiwe akapime. Vipimo na dawa za TB katika vituo vya serikali ni bure, na akimaliza dozi anapona. Usimfukuze, maana ukimfukuza atahamia kwa jirani yako na kikohozi chake.

Tatu, nyavu za madirisha ziwe nzima, na simtanki ifunikwe na kusafishwa. Maji yakikatika, wapangaji waambiwe mapema. LUKU ya pamoja imevunja urafiki wa wengi wiki za mitihani, mmoja anasoma usiku, mwingine anasema umeme unaisha kwa sababu yake. Anayeweza aweke mita ndogo kila chumba.

GETI NA TAA

Mabinti wanasoma kwenye vimbweta na maktaba hadi usiku kwa sababu vyumbani hakuna utulivu. Kisha baadhi yetu tunafunga geti saa nne kamili, tukidhani tunawalinda. Binti aliyefungiwa nje analala wapi? Tuwape funguo au tuamke kufungua, na kila nyumba iwashe taa moja ya nje. Taa ya balbu ndogo haimalizi LUKU.

Mwanachama anayemgongea binti mlango usiku kwa kisingizio cha kodi, au anayemwambia kodi inaweza kulipwa kwa njia nyingine, huyo si mwenzetu. Nimesema wazi ili asiseme hakuelewa.

Kuna mambo mabinti wanaona aibu kutuuliza, na wavulana pia. Wanakimbilia P2 dukani. P2 hutumika ndani ya saa 72 baada ya tendo kuzuia mimba; haizuii virusi vya Ukimwi wala magonjwa ya zinaa. Aliyebakwa, au aliye katika hatari ya kuambukizwa, awahi kituo cha afya siku hiyohiyo: dawa kinga za VVU, zinazoitwa PEP, zinapaswa kuanzwa ndani ya saa 72, na kadiri mtu anavyowahi ndivyo zinavyofaa, anazimeza siku 28. Aliyebakwa asioge wala kufua nguo kabla hajaonana na daktari. Kazi yako si kumhoji alikuwa wapi. Kazi yako ni kuita bajaji na kupanda naye.

MLANGO ULIOFUNGWA

Wiki za UE, mitihani ya mwisho wa muhula, zina hali yake. Kuna aliyepata sapu, yaani mtihani wa marudio, anayeogopa kukeri, yaani kubeba somo hadi mwaka unaofuata, na anayeamini akidisko, yaani akiondolewa masomoni, hana uso wa kurudi nao kijijini, kwa sababu ukoo mzima ulichangia nauli yake. Sonona haina homa ya kupimwa kwa kipimajoto. Dalili zake ni mlango usiofunguliwa, sufuria lisilooshwa kwa wiki, mcheshi aliyenyamaza, mtu anayegawa vitu vyake, au anayesema heri asingezaliwa. Ukisikia neno hilo usimhubirie na usimwambie wenzake wana shida kubwa zaidi. Kaa naye, muulize waziwazi kama anafikiria kujidhuru; kumuuliza hakumtii wazo hilo kichwani. Usimwache peke yake. Msindikize kituo cha afya au kwa Mlezi wa Wanafunzi, ambako kuna washauri nasaha. Na katika wiki hizo, kwa heshima ya umoja huu, asitolewe mtu nje kwa kodi wala pasipigwe muziki wa harusi baada ya saa nne.

TUNAYOPENDEKEZA

Kamati imependekeza haya, tuyapitishe mkutanoni:

1. Kodi idaiwe kwa miezi miwili miwili, kwa kufuata bumu.
2. Kila nyumba iwe na daftari: jina la mpangaji, kozi, simu ya kwao, namba ya kadi ya bima, na ugonjwa wa kudumu kama pumu, selimundu au kifafa. Ni siri ya mwenye nyumba na mpangaji, si habari ya kibarazani.
3. Kadi ya sahani ianze na mama lishe watano, tuione kwa muhula mmoja.
4. Mkaa nje, taa nje, funguo kwa wote.
5. Ukuta wa kila korido ubandikwe namba ya kituo cha afya cha chuo, ya dereva wa bajaji anayekubali kuitwa usiku, na 199, namba ya bure ya Wizara ya Afya.

Anayeona haya ni mzigo akumbuke nani alimtibia mtoto wake mara ya mwisho, nani alimfundisha hesabu, nani alichora ramani ya barabara mpya ya mtaa. Ukiona vyaelea, vimeundwa. Na wengine waliundwa katika vyumba vyetu hivi vya futi kumi kwa kumi.

Mkutano ni Jumamosi saa kumi jioni, palepale chini ya mwembe. Kila mmoja aje na daftari jipya. Na kesho asubuhi, ukipita na ndoo zako na kuona viatu mlangoni toka jana, weka ndoo chini ubishe, hata kama kodi imelipwa hadi Desemba.

Wenu katika ujenzi wa mtaa,
Katibu