Toba Haitaki Mkalimani

Kila ifikapo Jumatano ya Majivu, wanafunzi na wahadhiri kadha wa kadha huonekana katika viunga vya vyuo vyetu wakiwa na alama ya msalaba wa majivu kwenye vipaji vya nyuso. Asiyejua huuliza, naye ajuaye humjibu kwa ufupi: Kwaresima imeingia. Kwa muda wa siku 40, Jumapili zikiachwa nje ya hesabu, Mkatoliki huitwa kufanya mambo matatu: kusali, kufunga na kutoa sadaka. Kila Ijumaa huacha nyama, na jioni hushiriki Njia ya Msalaba, ibada ya vituo 14 ambavyo idadi yake ilithibitishwa na Papa Klementi XII mwaka 1731. Makala hii haikusudii kuhubiri, kwa maana jarida hili si mimbari. Inakusudia kutoa rai moja ambayo naamini yamhusu kila mpenzi wa Kiswahili, awe Mkatoliki au asiwe: kwamba ibada za Kwaresima katika vyuo vyetu zinapohamishwa kutoka Kiswahili hadi Kiingereza, kinachopotea si lugha tu, bali ni maana yenyewe ya Kwaresima.

Nianze kwa kuungama. Katika chuo kimoja ambacho sitakitaja, Njia ya Msalaba ilikuwa ikifanywa kwa Kiswahili kila Ijumaa ya Kwaresima. Wapishi, mabawabu na wafagiaji walikuwa wakija baada ya zamu zao, wakapiga magoti bega kwa bega na wanafunzi waliowapikia mchana. Mwaka mmoja kamati ya wanafunzi iliketi na kuamua kwamba ibada hiyo ifanywe kwa Kiingereza, eti iwafae vijana zaidi. Nami nilikuwa miongoni mwa walioinua mikono kuliunga mkono pendekezo hilo. Hazikupita Ijumaa tatu kabla ya viti vya nyuma kubaki vitupu. Mmoja wa wapishi, mama wa makamo ambaye alizoea kuubeba msalaba katika kituo cha tano, alikutana nami mlangoni mwa bwalo akaniuliza, bila hasira yoyote: "Mwanangu, siku hizi mnasali na nani?" Nilimjibu, "Tupo tu, Mama," nikachukua sahani yangu nikaenda zangu. Swali lake sikulijibu, na makala hii ni jaribio la kulijibu kwa kuchelewa.

Hebu kwanza tuyatazame maneno yenyewe, kwa kuwa ndiyo kazi yetu. Neno "Kwaresima" limetokana na "quaresma" la Kireno, lenye asili ya Kilatini na linalohusu idadi ya arubaini. Ni miongoni mwa masalia ya Wareno katika pwani yetu, wale walioanza kuijenga Ngome ya Yesu mjini Mombasa mwaka 1593. "Toba", "dhambi", "sadaka", "rehema" na "msalaba" yana asili ya Kiarabu. "Majivu", "kufunga" na "kujinyima" ni ya Kibantu. Aidha, tazama neno "kitubio", jina la sakramenti ambayo muumini huhimizwa kuipokea kabla ya Pasaka: mzizi ni wa Kiarabu, lakini kiambishi awali na kiishio ni vya Kibantu. Msamiati wa Kwaresima umekusanya historia yote ya Kiswahili katika kapu moja. Ndiyo sababu Mkatoliki anayesema "toba" na "sadaka" hueleweka na jirani yake Mwislamu pasipo kufafanua. Mwaka 2025, Ramadhani na Kwaresima zilipoanza katika juma moja, Wakenya wa dini mbili walifunga kwa wakati mmoja na kwa kitenzi kimoja.

Hata hivyo, neno ninalotaka tulitafakari zaidi ni "upatanisho", kwa kuwa kitubio huitwa pia Sakramenti ya Upatanisho. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza ataweza kulichanganua. Mzizi ni "pata". Tukiutia katika kauli ya kutendana twapata "patana". Tukaongeza kauli ya kutendesha twapata "patanisha". Na kutokana na hapo twaunda nomino. Je, "kupatana" twakusikia wapi kila siku? Sokoni. Mnunuzi hutaja bei yake, muuzaji hutaja yake, huyu hupunguza na yule huongeza, hadi wapatane. Hakuna awezaye kupatana peke yake. Wala hakuna awezaye kupatana na mtu kwa lugha ambayo mtu huyo haijui, au anayoijua kiasi cha kumfanya anyamaze kwa aibu. Lugha yetu imeweka ndani ya neno moja fundisho ambalo wanateolojia huliandikia vitabu: toba si shughuli ya mtu na nafsi yake tu, ni shughuli ya mtu na aliyemkosea.

Tuliona jambo hilo kwa macho yetu mwaka 2008. Jumatano ya Majivu mwaka huo iliangukia tarehe 6 Februari, ilhali nchi ilikuwa ingali inawaka moto uliotokana na matokeo ya uchaguzi wa Desemba 2007. Zaidi ya watu 1,100 waliuawa, na mamia ya maelfu wakafurushwa makwao. Maelfu walikimbilia katika viwanja vya makanisa, ukiwemo uwanja wa Kanisa Kuu la Moyo Mtakatifu wa Yesu mjini Eldoret. Waumini waliokuwa wakipokea Ekaristi katika altare moja walijikuta pande mbili za uadui. Mkataba wa maridhiano ulitiwa sahihi tarehe 28 Februari, Kwaresima ikiwa imefika takriban nusu. Majivu ya mwaka huo hayakuhitaji kuelezwa. Kulikuwa na majivu ya nyumba za watu. Katika hali kama hiyo, Mkikuyu, Mkalenjin, Mluo na Mkisii wangetubu wao kwa wao kwa lugha gani? Si kwa lugha ya mama, kwa kuwa kila mmoja ana yake. Si kwa Kiingereza, ambacho wengi wao hukisikia kama lugha ya ofisi na mahakama. Iliyobaki ilikuwa ni Kiswahili, lugha isiyo na kabila nchini la kuitia mfukoni.

Lakini msema kweli ni mpenzi wa Mungu, na ukweli ni kwamba Kiswahili nacho hakina mikono safi. Tume ya Waki, iliyochunguza vurugu hizo, ililaumu matamshi ya chuki yaliyosikika katika baadhi ya redio za lugha za kienyeji. Twapenda kulirudia hilo, huku tukisahau kwamba neno "madoadoa", lililotumiwa kuwaita majirani uchafu wa kuondolewa, ni neno la Kiswahili sanifu. Halikuazimwa popote. Limeundwa kwa kurudufisha "doa", mbinu ile ile tunayoifundisha darasani. Mwaka 2022 Tume ya Kitaifa ya Uwiano na Utangamano ililiweka katika orodha ya maneno ya chuki. Basi lugha iliyotumiwa kumfukuza jirani ndiyo inayopaswa kutumiwa kumwomba radhi. Anayetukana kwa Kiswahili kisha akatubu kwa Kiingereza amelipa deni kwa mtu asiyemdai.

Najua hoja zinazotolewa dhidi ya msimamo huu, nazo si za kupuuzwa. Hoja ya kwanza ni kwamba vyuo vyetu vina wanafunzi kutoka mataifa mengine, na kwamba Kiingereza ndiyo lugha ya masomo. Ni kweli. Lakini Njia ya Msalaba si mhadhara. Mgeni anayetembea kutoka kituo hadi kituo huongozwa na picha, nyimbo, kupiga magoti na kusimama. Baada ya Ijumaa mbili tatu atakuwa amejifunza kuitikia. Isitoshe, hakuna anayetaka Kiingereza kifukuzwe katika Misa zote za juma zima. Tunazungumzia saa moja ya Ijumaa jioni, saa ambayo aliyepika na aliyepikiwa wangeweza kukutana.

Hoja ya pili ni kwamba katika parokia za mashambani Kiswahili chenyewe ni kigeni kwa bibi na babu, na kwamba wao wanapaswa kusali kwa lugha zao. Nakubaliana nayo kabisa. Hati ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano kuhusu liturujia, iliyotolewa tarehe 4 Desemba 1963, ilifungua mlango wa lugha za watu ili waumini washiriki kwa kuelewa. Haikufungua mlango huo kwa Kiswahili peke yake. Kanuni ninayoitetea ni moja: ibada na ifanywe kwa lugha inayowakutanisha wengi zaidi walio mahali hapo. Kigangoni kwa bibi, lugha hiyo yaweza kuwa Kikamba au Kiteso. Chuoni, penye mchanganyiko wa kila kabila na kila tabaka, lugha hiyo ni Kiswahili.

Hoja ya tatu ndiyo inayotugusa sisi wenyewe. Vijana husema kwamba Kiswahili cha vitabu vya sala ni kizito, cha zamani, na chenye sentensi ambazo msomaji huzimaliza akiwa ameishiwa na pumzi. Hapo wana haki. Lakini anayemwona mgonjwa akamhama badala ya kumpeleka kwa mganga amefanya nini? Njia ya Msalaba si sehemu ya Misa, na tafakari zake hazifungwi na matini moja. Hata Roma, Ijumaa Kuu inapofika, tafakari za Njia ya Msalaba ya Colosseum aghalabu huandikwa upya na mtu au kikundi kilichoteuliwa. Kama huko huandika upya, nani ametukataza sisi? Tuna wanafunzi wanaotunga mashairi ya arudhi na tamthilia za kuigizwa jukwaani. Waandike tafakari za vituo 14 kwa Kiswahili fasaha kinachosemeka, kisha wampelekee padri azipitie. Kituo cha tano, Simoni wa Kirene, mtu kutoka Afrika aliyeshikwa njiani akabebeshwa mzigo usio wake, hakihitaji maneno makubwa kueleweka na bawabu aliyekesha usiku kucha.

Jambo hili si geni kwa historia ya taaluma yetu. Padri Charles Sacleux wa Shirika la Roho Mtakatifu, aliyefanya kazi Zanzibar na Bagamoyo, ndiye aliyeandika ile kamusi ya Kiswahili na Kifaransa iliyochapishwa kati ya 1939 na 1941, ambayo watafiti wa lahaja wangali wanaifungua hadi leo. Kanisa na usomi wa Kiswahili ni majirani wa tangu jadi. Ajabu ni kwamba sisi tunaochambua tenzi za kale hatuoni kwamba kila Ijumaa ya Kwaresima umati wa Wakenya huigiza, hutembea na kuitikia matini ya Kiswahili yenye kiongozi, waitikiaji, kibwagizo na maleba. Tungeikuta katika karne ya kumi na nane tungeiandikia tasnifu.

Fauka ya hayo, Kwaresima ya parokia haiishii kanisani. Maaskofu wa nchi za AMECEA walipokutana Nairobi mwaka 1976 waliazimia kuzijenga jumuiya ndogo ndogo za Kikristo, na hadi leo jumuiya hizo hukutana nyumbani kwa waumini. Wakati wa Kwaresima husoma kijitabu cha kampeni kinachotayarishwa na Tume ya Haki na Amani ya Kanisa Katoliki nchini, wakijadili ufisadi, ardhi, uchaguzi au mazingira kwa hatua tatu: kuona, kuamua na kutenda. Mtaani mjadala huo huendeshwa kwa Kiswahili, na mama mboga huchangia sawa na mwalimu. Vyuoni hatuna budi kuufanya vivyo hivyo katika mabweni yetu, tukiwaalika wanaotufulia na kutulinda. La sivyo, tutajinyima nyama Ijumaa huku tukiwanyima wenzetu nafasi ya kusema. "Kunyima" na "kujinyima" hutenganishwa na silabi moja tu, "ji", na katika silabi hiyo ndimo Kwaresima ilimo.

Injili ya Yohana yasimulia kwamba tangazo lililobandikwa juu ya msalaba liliandikwa kwa lugha tatu, Kiebrania, Kilatini na Kigiriki, na kwamba wengi walilisoma kwa kuwa mahali pale palikuwa karibu na mji. Pilato hakuwa mtu wa dini, lakini alijua kwamba tangazo la hadharani huandikwa ili wapitao wasome. Sisi tumefanya kinyume chake: tumeutia msalaba ndani ya chumba na kuusomea lugha ambayo wapitao hawaifuati.

Rai yangu, basi, ni hii. Kwaresima ijayo, Njia ya Msalaba katika vyuo vyetu irudishwe kwa Kiswahili, itoke nje ya kanisa, na ipite jikoni, langoni na katika nyumba za wafanyakazi. Vyama vya Kiswahili vitoe waandishi, nao walezi wa kiroho watoe idhini. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ufa huu nilishiriki kuutoboa. Kabla ya kuandika lolote, nitapitia jikoni nimwombe radhi yule mama, kisha nimuulize kama bado angependa kuubeba msalaba katika kituo cha tano.