SHULE ISIWE CHAMBO

Tangu Juni 2022 kaya za wafugaji wa Ngorongoro zimekuwa zikihamishiwa Msomera, wilayani Handeni. Zimepewa nyumba ya vyumba vitatu na ardhi, na kuambiwa kwamba huko shule ipo. Uhamaji huo unaitwa wa hiari. Lakini waliobaki wamelalamika kwamba shule na zahanati zao zimeachwa zidhoofike. Ikiwa ndivyo, hiari iko wapi? Mzazi anayehama kwa sababu darasa la mwanawe limenyimwa fedha hakuchagua shule. Amefukuzwa kwa adabu.

Hoja hii si ngeni nchini. Wakati wa Operesheni Vijiji, miaka ya 1970, wananchi waliahidiwa shule, maji na zahanati. Wengi walisombwa kwa malori, wengine nyumba zao zikachomwa. Na darasani watoto wengi walimkuta kijana aliyemaliza darasa la saba juzi, ndiye mwalimu.

Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika Tamko juu ya Malezi ya Kikristo (1965), unafundisha kwamba wazazi ndio walezi wa kwanza, nao wawe na uhuru wa kweli wa kuchagua shule. Basi kabla ya kaya kufungasha, baba na mama (mama hasa, maana ndiye amwamshaye mtoto alfajiri) waende wakahesabu walimu, si kuta, na waupime mwendo kwa miguu.

Nasi viongozi wa walei tudai kwa maandishi: shule za Ngorongoro zipewe walimu na fedha sawa na nyingine, maadamu yupo hata mtoto mmoja anayesoma humo.