Anayeonja Kwanza

Vijana wapenzi, kila mwaka majira ya ndoa na ya kipaimara yakikaribia, mnatuuliza swali lile lile: je, yafaa kuweka kasiksi mezani katika sherehe ya Kikristu? Wengine wenu wanaogopa dhambi. Walio wengi, tukisema ukweli, wanaogopa aibu, kwani meza isiyo na chupa za kiwanda huhesabiwa kuwa meza ya maskini. Sisi twaona kwamba katika milima yetu ya Kivu kasiksi ndiyo ingestahili kutangulia mezani.

Tukumbushane kwanza jinsi inavyotengenezwa, maana wengi mliozaliwa mjini Bukavu mnaijua kwa jina tu. Ndizi za pombe hukatwa zikiwa mbichi, zikavundikwa kwa siku kadhaa katika shimo lililopashwa moto na kufunikwa majani ya mgomba. Zikiiva humenywa na kukandwa kwa nyasi mpaka zitoe maji yake. Maji hayo matamu ndiyo mutobe, ambao hata mtoto hunywa. Ukitiwa unga wa mtama uliokaangwa, ukafunikwa na kuachwa siku mbili au tatu, unakuwa kasiksi. Mtama ule ndio unaoipa rangi yake ya udongo, na ile harufu ya moshi ambayo mtu wa Bushi akiisikia ugenini husimama ghafla kama aliyeitwa kwa jina.

Kuonja ni kazi ya makini. Kasiksi changa huanza kwa utamu na kumaliza kwa utamu. Iliyokomaa huanza tamu, kisha huuma ncha ya ulimi, na uchungu kidogo wa mtama hubaki kooni. Hakuna mbili zinazolingana, kwa sababu mikono, ndizi na mashimo havilingani. Ndiyo maana kila moja hushikamana na siku yake. Sisi tunaikumbuka ile ya siku tulipopata diploma ya ualimu: baba alivundika ndizi kabla matokeo hayajatangazwa, jambo ambalo mama aliliona kuwa ni kumjaribu Mungu. Tunaikumbuka pia ile ya matanga ya babu, iliyochacha kwa kuwa mvua iliwachelewesha wageni, nayo ikanywewa yote bila mtu kulalamika. Chupa ngapi za kiwanda tumekunywa tangu wakati huo! Hatuwezi kutofautisha hata mbili kati yake.

Divai ya mizabibu huweza kulala pishini miaka mingi, na mwaka wa mavuno ukaandikwa kwenye chupa. Kasiksi haina subira hiyo. Baada ya siku chache huwa kali, kisha huchacha. Mwenye kuitengeneza hana budi kujua siku ya karamu na idadi ya watu, na watu hao hawana budi kufika. Hawezi kuirundika nyumbani ili aonekane tajiri, wala kunywa peke yake mtungi mzima. Kwa maumbile yake inamlazimisha mtu kuwaita jirani.

Tena kuna desturi ambayo wazee waliishika sana: mwenye pombe huonja kwanza mbele ya wageni, ndipo kibuyu kizunguke. Kwa kitendo hicho alisema kwamba haina sumu na kwamba yeye mwenyewe anajibu kwa kila tone. Someni tena sura ya pili ya Injili ya Yohane. Kule Kana palikuwa na mitungi sita ya mawe, na msimamizi wa karamu akaonja. Yeye hakujua divai ilitoka wapi; watumishi walioteka maji ndio waliojua. Kwetu anayeonja na anayejua ni mtu mmoja. Sasa tutazame vile vifuko vidogo vya plastiki vyenye pombe kali, ambavyo kijana hununua kwa noti ndogo kando ya barabara. Nani ameonja mbele yake? Nani atajibu akianguka? Hakuna. Hapo ndipo tunapoona hatari, kuliko katika mtungi wa bibi.

Jambo la makasha ya bia ni zito zaidi. Tunawajua vijana wanaoishi pamoja bila sakramenti, si kwa kuidharau, bali kwa kuwa jamaa walitaka makasha ambayo mshahara wa mwalimu wa mwaka mzima usingeweza kuyalipa. Wazazi wenzetu watukasirikie wakipenda: kiu ya wajomba imefunga milango mingi ya kanisa. Familia mbili zikikubaliana kuhusu mitungi ya kasiksi, na mutobe kwa wasiokunywa kileo, wachumba hao wangeweza kumwona padre mwaka huu huu.

Wapo watakaosema kwamba heri kuacha vileo vyote. Anayeona hivyo na aache, nasi tutamheshimu. Asiwahukumu wanaoonja kwa kiasi. Na wale mnaouliza kwa nini kasiksi haiingii katika kikombe cha misa, jibu ni fupi: Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983, kanuni ya 924, yataka divai ya asili itokanayo na tunda la mzabibu. Karamu ya nyumbani ina uhuru wake.

Lakini uhuru huo unahitaji migomba. Mwaka 2001 ugonjwa wa mnyauko ulitambuliwa kule Masisi, kisha ukaenea hata Kivu ya Kusini: majani hunyauka, ndizi huiva kabla ya wakati, na ukikata shina hutoka ute wa manjano. Migomba ya pombe imeumia sana, kwa sababu wadudu huubeba ugonjwa kutoka ua hadi ua. Basi vikundi vya vijana vinavyokwenda kuwatembelea wazee Kabare na Walungu vifanye kazi hii pamoja na sala: kuliondoa lile ua la chini kwa fimbo yenye panda, bila kulikata kwa kisu, mara tu kichane cha mwisho kinapotokea, na kama lazima panga litumike, lipitishwe motoni kabla ya kugusa mgomba mwingine.