Kisiwa Kisicho na Bahari



Gereza la kisiwa cha Robben, Afrika Kusini, lilifanywa makumbusho mwaka 1997, na wageni huonyeshwa chumba alimofungwa Nelson Mandela. Wengi wetu husahau kwamba Kenya nayo ilikuwa na visiwa vya namna hiyo. Baada ya Hali ya Hatari kutangazwa Oktoba 1952, Waingereza waliwaweka mahabusu wa siasa katika kisiwa cha Manda, ng'ambo ya mji wa Lamu, na katika visiwa vya Mageta na Saiyusi, Ziwa Viktoria. Gakaara wa Wanjau alikuwa miongoni mwa watu wa Manda. Shajara yake ya kizuizini ilipata Tuzo ya Noma mwaka 1984.

Walakini mkoloni hakuhitaji maji ili apate kisiwa. Kaskazini hii yetu ilimtosha. Harry Thuku, aliyekamatwa Machi 1922, alipelekwa Kismayu na hatimaye Marsabit, akakaa uhamishoni zaidi ya miaka minane. Mzee Kenyatta alifungwa Lokitaung, akahamishiwa Lodwar, kisha Maralal, alikotoka Agosti 1961. Kwa sheria ya mwaka 1902, mgeni hakuingia huku bila kibali. Mfungwa akizungukwa na jangwa na askari, atakimbilia wapi?

Nyumba ya Maralal inatunzwa kama kumbukumbu ya taifa, na ni haki itunzwe. Lakini Desemba 1963, kabla haijatimia miaka mitatu tangu aachiliwe, serikali ya Mzee huyo huyo ilitangaza Hali ya Hatari hapa kaskazini. Haikuondolewa hadi Novemba 1991, siku chache tu kabla ya kifungu cha 2A kufutwa! Wakati wa vita vya shifta, Waborana wa Isiolo walikusanywa kambini Garba Tulla na Merti pamoja na mifugo yao. Mifugo ikafa kwa kukosa malisho. Wazee huiita miaka hiyo Daaba, wakati wa kusimama. Mwaka 1970 Bunge likapitisha Sheria ya Kinga, ili maafisa wasishtakiwe kwa waliyoyatenda.

Wanafunzi hupelekwa kuiona Maralal. Nani huwapeleka Garba Tulla?

Walioshuhudia kambi hizo wanazidi kupungua. Kwa hiyo tunaziomba parokia zote, na ndugu zetu wa misikitini, ziteue vijana wawili wawili wawatembelee wazee hao, waandike jina la kila aliyefungiwa humo, kambi yake, mwaka, na mifugo aliyopoteza. Kazi hiyo ianze mwezi huu.