Fundi Nyumbani: Kutu Katika Mabomba ya Maji ya Gari

Gari la zamani la mwendo wa kasi, likitunzwa vema, huweza kumtumikia mwenyewe miaka mingi. Datsun 240Z ni mfano mzuri. Edgar Herrmann alilishindia mashindano ya Safari mwaka 1971, naye Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, akafanya hivyo mwaka 1973. Hata hivyo, gari lililostahimili tope na mawe laweza kuangamizwa na kibomba kimoja cha maji kilicholiwa na kutu.

Kutu hiyo huanzia ndani. Injini ya gari hilo ina bloku ya chuma na kichwa cha alumini, na maji matupu yazungukapo humo huzila metali zote mbili. Dereva anayeshuka kutoka mjini Busia hadi Majanji aweza kushawishika kuchota maji ya Ziwa Victoria na kuijaza rejeta. Maji hayo hayana chumvi ya bahari, lakini hubeba hewa, madini na matope, navyo huharakisha kutu. Dalili zake ni maji ya rangi ya kahawia, ukoko penye klipu za mipira, na maji kupungua kila siku.

Kabla ya kazi, injini na ipoe kabisa. Kifuniko cha rejeta kikifunguliwa kingali moto, maji yachemkayo humrukia mtu usoni. Maji ya zamani yakingwe katika karai. Mpira ulioganda upasuliwe kwa kisu kwa urefu wake. Ukisokotwa kwa nguvu, mdomo wa rejeta huvunjika. Bomba kuukuu lipelekwe kwa fundi liwe kipimo: jipya lilingane nalo kwa unene na kwa mikunjo, na ncha zake ziwe na ukingo wa kuuzuia mpira usichomoke. Chuma kisichoshika kutu ndicho bora. Mipira na klipu vibadilishwe pamoja nalo, kisha injini isafishwe mpaka maji yatoke meupe.

Wengi hudhani kwamba kulanti ni ya nchi za baridi tu. Sivyo. Ndani yake mna dawa ya kuzuia kutu, nayo huchelewesha maji kuchemka. Ichanganywe nusu kwa nusu na maji yaliyokenekwa, au maji safi ya mvua. Injini iwashwe kifuniko kikiwa wazi hadi mapovu yaishe, kisha maji yaongezwe.

Wazazi nao wazingatie kwamba kulanti ni tamu lakini ni sumu. Isiwekwe katika chupa ya soda, isiachwe mahali pafikiwapo na watoto, mbwa au mbuzi, wala isimwagwe ziwani, ambamo watu wa Majanji hupata samaki wao.

Anayebadilisha bomba akarudisha maji matupu ameiandalia kutu chakula kipya.