Kabla ya kummwagia paka mchuzi

Saa moja jioni, ukipanda ngazi za ploti yoyote Kayole au Umoja, harufu ya kwanza kukupokea ni ya kitunguu kikikaangwa. Na mlangoni kuna paka anayengoja mgao wake.

Paka wa Eastlands hanunuliwi chakula cha supamaketi. Kazi yake ni panya, mshahara wake ni mabaki: ugali uliolowa mchuzi, vichwa vya omena, supu iliyobaki sufuriani. Hatumlaumu mtu, wengi wetu tumekua tukiona hivyo. Shida ni kilichokaangwa ndani ya huo mchuzi.

Kitunguu maji, kitunguu saumu na vitunguu vya majani vina kemikali za salfa zinazoharibu chembe nyekundu za damu ya paka. Chembe zikipasuka, damu inashindwa kubeba oksijeni. Takriban gramu 5 za kitunguu kwa kila kilo ya uzito wake zinatosha kumdhuru. Kwa paka wa kilo 4 hizo ni gramu 20, yaani kipande tu. Saumu ni kali zaidi. Kupika hakuondoi sumu hiyo, na vikisagwa kuwa unga wa pakiti huwa vimekolea hata zaidi. Kidogo kidogo kila jioni nacho hujumlika.

Tena paka haanguki papo hapo. Siku kadhaa hupita, halafu unamwona amelala tu, hataki kula, anahema mbio, ufizi umepauka, mkojo umegeuka rangi ya strungi. Kufikia hapo ploti nzima imeshaamua ni jirani aliyemtegea sumu ya panya, na watu wananuniana bure.

Kuna pia ile ya kumpa saumu eti inaua minyoo na viroboto. Hiyo wacheni kabisa. Parasetamoli vilevile: kidonge kimoja chaweza kumuua. Dania haina noma, lakini nani hupika dania bila kitunguu?

Ninyi vijana ndio mnaopika siku hizi, mathe akiwa bado kazini. Basi kabla kitunguu hakijaingia kwenye mafuta, chota omena kiganja kimoja, chemsha kwa maji matupu, weka kando. Hiyo haiongezi hata shilingi kwa bajeti. Mutura na kachumbari msimkatie, hata akilia vipi.

Tunasisitiza kinga kwa sababu tiba iko mbali. Kliniki ya wanyama ya Chuo Kikuu cha Nairobi iko Kabete, KSPCA iko Karen. Kutoka Kayole unapitia tao na paka ndani ya katoni, na bili bado hujaiona. Ukishuku amekula vitunguu, usimnyweshe maziwa ukingoje kesho. Mpigie daktari wa mifugo usiku huohuo, umwambie alikula nini, kiasi gani na lini.